Malka, si Malkia

Miaka miwili sikuandika kitu, na chanzo ni herufi moja. Nilikuwa nimeandika hadithi juu ya malka, ile njia tunayowaachia wafugaji kati ya mashamba ili ng'ombe wao washuke mtoni kunywa maji. Malka yenyewe inapita kando ya shamba la mama, chini kidogo ya kijiji cha Ngao, na huku kwetu hakuna Mpokomo mkulima wala Mworma mfugaji asiyeijua. Mhariri wa Nairobi hakuijua. Badala ya kuniuliza, akanisahihisha. Kitabu kikatoka, na ndani yake ng'ombe wanashuka mtoni kwa njia ya malkia.

Mjini Garsen walinicheka hadi nikahama hoteli niliyozoea kunywa chai. "Malkia hajambo?" waliniuliza. Kila nilipofungua daftari nilimwona yule mhariri na kalamu yake, nikalifunga. Nikawaambia watu kwamba mawazo yamenikaukia. Uongo mtupu. Nilikuwa nimenuna, basi, mtu mzima na ndevu zangu.

Kiangazi cha mwaka huu akaja bwana mmoja na gari kubwa, akaziba malka kwa seng'enge, akidai amenunua ardhi hadi ukingoni mwa mto. Ng'ombe wakasimama pale wakinusa maji wasiyoweza kuyafikia. Baraza ikaitishwa. Mzee mfugaji aliyepitisha mifugo yake hapo tangu mama akiwa msichana akainuka. Mzee huyu hajui kusoma. Alifungua kitambaa, akatoa kitabu changu, akasema njia hii imeandikwa, hata Nairobi wanaijua.

Yule bwana alikipokea kwa adabu, akasoma kwa sauti: "Njia ya malkia." Akatuangalia. "Malkia gani huyo, na ikulu yake iko wapi?"

Watu walicheka, hata wa upande wetu. Mzee naye alitabasamu, kwa sababu hakuelewa. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimeinamia viatu vyangu. Tabasamu lile nalichukia hadi leo. Ningekuwa na ujasiri ningesimama, lakini sikusimama.

Baraza ilipovunjika mzee alinifuata. Alikuwa ameshaelezwa kwa nini watu walicheka.

"Wewe ulijua hiyo neno imeharibika?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu kitabu kitoke."

"Na ukanyamaza? Mimi natembea na hii kitabu kama kitu ya maana, wewe umenyamaza tu?"

Nilimtazama mama, aliyekuwa kando yangu, anitetee. Mama akajifunga leso vizuri, akasema, "Yule wa Nairobi hakujua. Wewe je?" Akatangulia njiani.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Nilimkasirikia mwenye seng'enge, nikamkasirikia mhariri, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Nikachukua kalamu nyekundu na nakala yangu ya kitabu, nikaanza kuzikata zile i za "malkia", moja baada ya moja, nikikandamiza hadi karatasi ikachanika. Ukurasa wa nne mkono ulikataa kuinuka karatasini. Pembeni nikaandika upana wa malka, jinsi ng'ombe wanavyopita bila kugusa migomba ya mama. Nikaandika nani alikubaliana na nani, na mwaka ule mafuriko yalipofuta mpaka, jinsi mama na mzee walivyoutafuta tena kwa miguu. Pembeni pakajaa, nikahamia daftari. Siku zilizofuata niliwauliza wote wawili, na walipobishana niliandika ubishi wao pia. Sikuwahi kuandika kwa hasira namna ile, wala kwa kujua vizuri hivyo ninamwandikia nani.

Baraza ya pili nililisoma daftari mwenyewe, nimesimama. Seng'enge ilikuwa bado ipo, na hata leo ipo. Nilipomaliza, yule bwana alinyoosha mkono apewe daftari.

"Ngoja," mzee akasema. Hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. "Soma tena, pole pole. Ile kitabu ya kwanza niliamini tu."

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza upya.