Sauti ya Mwenyekiti na Kidole cha Fundi

Wapo watu wanaojulikana kwa sura na wapo wanaojulikana kwa mdomo. Fundi wetu alijulikana kwa kidole, kile cha shahada cha mkono wa kulia. Watu wa sokoni walimwita Bwana Kidole, naye hakuona ubaya, maana kabla ya hapo hawakuwa wakimwita lolote.

Ujana wake aliumalizia katika bendi ya hoteli, akipiga kinanda nyuma kabisa, mahali taa zisipofika. Bendi ilipovunjika kila mmoja aliondoka na alichoweza kubeba. Mpiga ngoma alibeba ngoma zake, mwimbaji akaondoka na mke wa meneja, na fundi akabaki na sintesaiza, kinanda cha umeme ambacho sauti zake huundwa kwa kuzungusha vitufe. Kilikuwa kizito ajabu na nusu ya vibonyezo vyake vilikwisha kufa. Lakini kwa nyuma kilikuwa na tundu dogo ambalo kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza kazi yake. Tundu lile lilipokea sauti za nje. Ukichomeka hapo waya wa kipaza sauti, kinanda kinaacha mambo yake na kuanza kushughulika na sauti ya mwenzake: kinaichuja, kinainenepesha, kinaitoa kwenye spika ikiwa na adabu mpya. Sharti lilikuwa moja tu. Sauti haipiti mpaka mtu abonyeze kibonyezo, na ukiinua kidole, mlango umefungwa.

Sauti ya kwanza aliyoipitisha humo ilikuwa ya cherehani. Jirani yake mmoja, mshonaji, alimruhusu aweke kipaza sauti karibu na sindano, na kwenye spika ikatoka mvua ya juu ya mabati. Mshonaji alicheka hadi akaharibu pindo la gauni la watu. Baada ya miezi sita walioana. Mke alizoea kusema kwamba aliyeposwa hasa ni cherehani, yeye alifuata tu kama mwenye mali.

Huyo mke alikuwa na kibanda sokoni, katika safu ya ukutani, na alikuwa ameshakaa hapo miaka kumi na minane. Na ni yeye, kwa huruma zake, aliyemleta Filimbi kwa mumewe.

Filimbi alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko. Alikuwa na elimu, suti na mipango, ila Mungu alimnyima sauti: aliyompa ilikuwa nyembamba na kali, na ndiyo iliyomletea jina hilo. Mara tatu aligombea uenyekiti, na mara tatu wanachama walianza kucheka kabla hajafika sentensi ya pili. Mshonaji alimwona akijifuta uso nyuma ya kibanda chake, akaingiwa na imani. Akamwambia nyumbani yupo mtu wa kumsaidia.

Fundi alifanya kazi ya maisha yake. Alikata ule ukali wa juu, akaongeza uzito wa chini na mvumo kidogo ambao hukuweza kuusikia ila uliuhisi kifuani. Kwanza aliweka kufuli juu ya kibonyezo ili kikae chini chenyewe, lakini Filimbi alikuwa mtu wa kukohoa na kumeza mate, na kikohozi kilichonenepeshwa si jambo la kusikia mara mbili. Basi fundi akaketi mwenyewe nyuma ya pazia la jukwaa. Maneno yakija anabonyeza, kikohozi kikija anainua. Pia alimfundisha Filimbi kunyoosha sentensi na kutumia pumzi moja kufika mwisho, maana fundi hakupenda kumkata mtu katikati ya neno. Hiyo aliiona ni dhambi ya mafundi wavivu.

Mwaka ule Filimbi alishinda kwa kishindo. Wazee walisema kumbe ana hekima. Ndipo akaitwa Mwenyekiti, na hakuna mkutano uliofanyika bila kinanda kutangulia mbele na kidole kufuata nyuma. Fundi alivimba kichwa kidogo. Nyumbani alisema "tulihutubia", huku mkewe akiendelea kukata kitambaa.

Kisha habari zikavuja kwamba safu ya ukutani itavunjwa ili magari yapate pa kuegesha. Fundi alipomuuliza Mwenyekiti, alijibiwa, kwa sauti ile nyembamba ya chumbani, kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Mke hakuhitaji kutafsiriwa. Asubuhi ya mkutano alimwekea mumewe chai, akaketi mbele yake.

"Baba watoto, sikuombi ugombane naye," alisema. "Akifika pale pa ukutani, inua kidole tu. Watu wa mbele wamsikie Filimbi. Wakicheka, hakuna wa kupiga makofi, na hoja imekufa."

Fundi alisema sawa, na alisema kwa moyo. Hilo lazima tumpe.

Saa tisa alasiri ukumbi wa soko ulijaa. Nyuma ya pazia fundi aliona kwa upenyo mdogo wenye vibanda wote wa ukutani wamekaa mstari wa tatu kutoka mbele, mkewe katikati. Alipanga kuinua kidole kwenye kituo cha kwanza baada ya neno "ukutani".

Neno likaja. Kituo hakikuja.

Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakukohoa, hakumeza mate, alivuta pumzi moja na sentensi ikaenda kama ilivyofundishwa, ndefu, imenyooka, ikipanda kutoka kwenye vibanda hadi magari, kutoka magari hadi maendeleo. Fundi alisubiri mwanya. Wakati akisubiri alisikia sauti imekaa vizuri kuliko siku zote, ikabaki na mlio wa pua kidogo tu, na mkono wake wa kushoto, bila kumuuliza mwenyewe, ukazungusha kitufe ukaiondoa ile pua. Sentensi ikafika mwisho, nzito na tamu. Ndipo kidole kikainuka, mahali pake, kwa wakati wake.

Ukumbi ulipiga makofi. Hata wawili wa safu ya ukutani walipiga, kisha wakatazamana.

Jioni fundi alimkuta mkewe ameshahamisha cherehani kutoka kibandani. Alikuwa ameiweka sebuleni, mahali palipokuwa pa kinanda, na anaipaka mafuta. Fundi aliweka mzigo wake mlangoni. Alieleza kuhusu kituo, kuhusu pumzi, kwamba mtu huwezi kumkata mwenzako katikati ya neno. Mke alimwacha amalize.

"Wenzangu wote walikuwa wanamtazama Mwenyekiti," alisema. "Mimi, kwenye ule upenyo wa pazia, nilikuwa nakitazama kidole chako. Hakikutetemeka hata kidogo."

Na fundi, kabla aibu haijamfika, alishukuru kama aliyesifiwa.