Nyasi Katika Chumba cha Chanjo

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kile chumba cha baridi cha kituo chetu cha afya, Muleba, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Nasema fundi, lakini nilifundishwa siku mbili tu. Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam alinionyesha feni inayovuta hewa kutoka usawa wa sakafu, kuipitisha kwenye mabomba ya baridi na kuirudisha chumbani. Swichi ya feni ilikuwa na mwendo wa kwanza hadi wa tatu. Kando yake palikuwa na kirungu cha kupanga baridi, namba moja hadi saba.

“Feni tatu, baridi tano,” akaniambia. “Ukishapanga hivyo, usiguse. Feni ikilegea, mabomba yataganda barafu na chumba kitapata joto.”

Nilielewa. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Wiki ile tulipokea chanjo ya surua kwa ajili ya kisiwa cha Bumbire, ambako surua ilikuwa imeshaingia. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa huko na mvuvi, ana watoto wawili. Alinitumia ujumbe: chanjo itakuja lini, waitu, ndugu yangu, watoto wa jirani wameshaanza kuumwa.

Siku moja kabla ya chanjo kuvushwa, tukaambiwa mkubwa fulani anakuja kutoka Bukoba kukagua chumba chetu. Basi hapo ndipo Uhaya wetu ulipotupanda kichwani. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi; huyu atakanyaga saruji tupu kama yuko bohari­ni? Mama yangu na wenzake walikata nyasi mbichi alfajiri, wakazitandika kuanzia mlangoni, ukumbini, hadi ndani ya chumba cha chanjo. Niliwazuia? Thubutu! Nilizipanga mwenyewe kwa mikono yangu, nikasogea nyuma kutazama zilivyopendeza.

Mgeni alifurahi mno. Ila feni ilikuwa ikipeperusha vipande vya nyasi kwenye suti yake, na baridi ikamfanya ajikunyate. Mganga wa kituo chetu akanikonyeza. Nikashusha feni hadi moja.

Alipoondoka nilitaka kufagia. Mama akanishika mkono. “Mgeni hata hajafika barabarani unafagia nyuma yake? Unamfukuza? Utafagia kesho.” Kwetu ndivyo ilivyokuwa, nami sikuwa na ubavu wa kubishana na mama yangu mbele ya watu. Nikafunga mlango, nikaenda kula ndizi na kunywa rubisi. Feni niliiacha kwenye moja. Nilisahau, basi. Nimetafuta neno zuri zaidi miaka yote hii, sijalipata.

Asubuhi nilikuta nyasi zimevutwa zikaziba mdomo wa feni, na mabomba yamevaa barafu nene. Feni ilinguruma bila kupuliza kitu. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha joto lilelile la nje. Nikazoa nyasi, nikazima mtambo, nikayeyusha barafu kwa maji, nikapanga upya: tatu, tano. Kufikia saa sita mchana kipimajoto kilikuwa kimeshuka mahali pake.

Mganga akaja na kasha la kubebea. “Fundi, baridi iko sawa?”

Siku zile ukiharibu mali ya umma unaitwa mhujumu, na mhujumu hakuulizwa maswali mengi. Niliogopa. Nikatazama kipimajoto, nikasema, “Iko sawa, Bwana Mganga.” Na kweli ilikuwa sawa, saa ile. Lakini maziwa yaliyochacha, hata uyaweke penye baridi namna gani, hayarudi kuwa mabichi, na chanjo iliyopata joto ndivyo ilivyo. Nililijua hilo nikiwa nambebea kasha hadi kwenye gari.

Mtumbwi ulivuka. Watoto walichomwa sindano. Kabla mwezi haujaisha nikaitwa Bumbire kuzika mtoto wa kwanza wa dada, aliyeuawa na surua, na tulikuwa bado matangani alipofariki wa pili.

Nilikuwa nimeazimia kusema. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeazimia. Nilimkuta dada ameketi chini, amejifunga kitambaa tumboni kama wafiwa wa kwetu, macho makavu. Wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, walikuwa wamekaa nyuma yake, na baadhi yao walikuwa wamefiwa vilevile.

Akanishika kiganja. “Usilie,” akasema. “Wewe ulifanya yako. Hawa walikuwa wanaiogopa sindano, wanasema itawaua watoto. Nikatanguliza wangu mbele ya foleni, nikawaambia, njooni jamani, dawa hii imetunzwa na mdogo wangu mwenyewe.”

Wale wanawake wakaniangalia. Mmoja akasema, “Asante, baba, kwa kututunzia dawa.”

Nikaitikia.