Gauni Moja, Mablanketi Manne

Mama mkubwa wangu tunamwita Bado Kidogo. Jina hilo hakupewa na wazazi, kajitafutia mwenyewe. Muulize, "Lile blanketi la viraka la Fundi Saa limeisha?" Atakujibu bila kuinua kichwa: "Bado kidogo." Na hiyo kidogo yake, jamani, mtoto wa jirani alianza kushonewa blanketi akiwa tumboni, sasa hivi anakuja mwenyewe kwa miguu kuulizia.

Shida yake ni kwamba anapenda kukata vipande na kupanga rangi. Hapo utamsikia hadi anaimba. Ikifika ile kazi ya kutandika pamba katikati, kuweka kitambaa cha chini na kushona tabaka zote pamoja, mgongo unaanza kuuma, na ghafla anakumbuka kuna mteja mwingine. Anaanza jipya. Kwa hiyo sebuleni kwetu kuna mablanketi manne, yote yako njiani na hakuna linalofika. La bi harusi mtarajiwa liko mgongoni mwa kochi. La mtoto liko kwenye kapu. La Fundi Saa limefunika televisheni. La nne limebanwa pini juu ya meza, sisi tunakula sahani zikiwa magotini.

Kwenye grupu la familia binamu zangu walimtengenezea stika: yeye na cherehani yake, chini imeandikwa "Inapakia..." Aliicheka kuliko wote, na siku hizi anaituma mwenyewe akiulizwa kama chakula kimeiva.

Nyumbani tuko watatu: yeye, mimi, na Bibi, mama yake. Bibi naye alikuwa fundi wa nguo, tena wa kuogopwa, kabla kumbukumbu hazijaanza kumtoroka. Sasa akimwona Mama mkubwa anamsalimu kama mgeni. Akiamka vibaya anamwita mwizi. Na juzi aliamka vibaya.

"Gauni langu la maua liko wapi?"

"Lipi, Mama?"

"La maua ya njano. Umelipeleka wapi, wewe dada?"

"Nitakutafutia. Kunywa uji kwanza."

"Sinywi uji wa mwizi."

Akafunga mdomo. Tukacheka, maana Bibi tumemzoea. Mchana hakula. Jioni hakula. Asubuhi nikampa maji, akayashikilia mashavuni akiniangalia hivi, kisha akayatema shukani. Hapo kicheko kikatuishia.

Nikajifanya muuza nguo. Nikamletea gauni la Mama mkubwa lenye maua ya kufanana. "Mteja wangu, mzigo wako huu umefika!" Akalishika pindo kwa vidole viwili, akalisugua, akanirudishia.

"La dukani hili. Nenda kawadanganye wenzako."

Muuguzi akaja. Akamfinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama palepale kama hema. Akatuvuta mlangoni.

"Asipokula mpaka kesho, mleteni wodini. Ila nisiwafiche, kwa umri wake huu, wodini wengine wanaingia tu, hawatoki."

Muuguzi alipoondoka, Mama mkubwa akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Mama mkubwa, hilo gauni lilikwenda wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kochi. Halafu kwenye kapu. Halafu kwenye televisheni. Halafu mezani.

Nikaangalia. Maua ya njano, kipande hapa, kipande pale, yametapakaa sebule nzima. Nilikuwa nakula nayo kila siku!

"Aliniambia mwenyewe nikate," akasema. "Bado alikuwa ananijua. Akasema, haya magauni sivai tena, kata, yatapendeza kwenye viraka. Tulikata pamoja. Mimi nimeshika kile kipimo cha katoni, yeye mkasi."

Na hapo ndipo lilipo kosa la mtu anayeshona manne kwa mpigo. Anakata kila kitambaa kwa kipimo kilekile, anarundika pamoja, na kila blanketi linajichotea kwenye rundo moja. Ukimwambia atenganishe anasema atatenganisha. Lini? Bado kidogo.

"Basi tumpelekee hayo mablanketi ayaone," nikasema. Wazo langu hilo, najuta mpaka leo. Tulimfunika lile la bi harusi. Bibi akapapasa, akayakuta maua yake, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

"Mmelikata! Mmenikatia gauni langu!"

Mama mkubwa akalivuta blanketi, akatoka nalo mbio, akachukua wembe.

"Fumua."

"La bi harusi linachukuliwa Jumamosi, Mama mkubwa."

"Nimesema fumua! Unataka nimzike na njaa?"

Tukafumua. Unakata uzi, unavuta, unapuliza, unakata tena. Blanketi la bi harusi likatoboka madirisha. La mtoto likafuata. Simu ikaita, bi harusi mwenyewe.

"Mama, vipi, limeisha?"

Nikasubiri jibu tunalolijua sote. Mama mkubwa akaweka wembe chini.

"Nimelitoboa, mwanangu. Nisamehe." Akakata simu, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kufumua.

Vipande vilivyopatikana akaanza kuviunga upya, gauni lirudi kuwa gauni. Sasa, kila mshono unakula kitambaa, huku kidogo na huku kidogo. Akaunga kifua, kikatoka chembamba. Akaunga mgongo, ukatoka wa msichana. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Halitamwingia. Kila nikiunga linapungua." Machozi yakawa yanadondokea kwenye maua. "Nimefanya nini mimi? Nimefanya nini?"

Nikaenda kumchungulia Bibi. Amelala ubavu, mabega yametokeza kama hanga ya nguo. Nikarudi.

"Endelea tu," nikamwambia. "Na yeye amepungua."

Akajifuta machozi. Kisha mguu ukaanza kukanyaga.

Kwapani kulikosekana kipande kimoja, alishakipunguza kikawa pembetatu kwa blanketi la Fundi Saa. Akaweka kitambaa cheupe cha shuka, mahali ambapo mtu hawezi kuona.

Tukamvalisha. Lilimwingia, tena likapwaya kidogo. Bibi akajitazama. Akapitisha vidole kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, polepole, akashuka mpaka kwapani. Vidole vikasimama.

"Fundi gani huyu? Ameniibia kitambaa hapa."

Mama mkubwa akaziba mdomo kwa kiganja. Sijui alikuwa anacheka au analia.

"Mjinga mjinga tu, Mama," akasema. "Hajafuzu."

"Inaonekana. Lete huo uji."

Akanywa kijiko. Akanywa cha pili. Nilikuwa nimeshika bakuli, naogopa hata kupumua nisije nikamkumbusha kitu. Cha tatu kikaenda. Cha nne kilipofika mdomoni, mdomo ukafungwa.

"Na la bluu je?"

"La bluu lipi, Mama?"

"La mistari. Nalo mmelificha wapi? Sili mpaka nilione."

Mistari ya bluu! Ndiyo ukingo wote wa blanketi la meza, pande nne. Ndiyo nyota ya katikati ya blanketi la Fundi Saa. Na kilichobaki cha bi harusi kilikuwa kimeshikiliwa na hiyo hiyo.

Mama mkubwa akamfuta mama yake uji kidevuni kwa kona ya lile gauni la maua.

"Bado kidogo, Mama," akasema, na mkono wake mwingine ukawa tayari unapapasa mfukoni kutafuta wembe.