Kodi ya Fundi wa Nkoma

Nilipohamia Lagangabilili kumfuata mume wangu, aliyepata kazi katika ofisi mpya za wilaya, niliacha Bariadi vyumba vyangu vya kupangisha. Nilivijenga kwa faida ya duka la vitenge, miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa mjini wakitafuta pa kulala. Baadaye kampuni za simu nazo zikaja kwa kushindana, na kodi ikaanza kuniingilia kwenye simu. Nilishukuru. Sikuwa tena na haja ya kupanda gari, kugonga milango na kusikiliza visingizio.

Mpangaji mmoja tu ndiye niliyekuwa nikimkumbuka. Alikuwa binti kutoka kijiji cha Nkoma, fundi cherehani, mrefu, mcheshi, mwenye kikohozi kisichoisha. Zamani alileta kodi mkononi. Alipiga goti kidogo, akanisalimu Kisukuma, "Mwadila, mayu," mayu yaani mama, kisha akakaa, tukanywa chai huku akinisimulia wateja wanaotaka gauni la kubana halafu wanarudi kulalamika kwamba linabana. Mimi sikujaliwa binti. Nadhani alijua.

Tulipoanza kutumia simu, kilichonijia kila mwezi kikawa ujumbe tu: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, majina yake matatu kwa herufi kubwa. Nikawa namwandikia. "Asante mwanangu. Kifua kimepona?" Mwezi mwingine: "Huko mvua imenyesha? Njoo siku moja tunywe chai." Hakujibu. Nikasema kazi zimemzidi. Kodi ilikuwa inaingia, na mimi niliamini kwamba anayelipa kodi ni mzima.

Kisha upepo ukang'oa bati, nikaenda Bariadi na fundi. Mlango wa yule binti ulikuwa na kufuli, na buibui alikuwa ametanda kuanzia kwenye kufuli hadi kwenye fremu. Nilimuuliza mpangaji wa jirani, mama muuza dagaa.

"Huyo dada aliugua, baba yake akaja kumchukua," alisema. "Tangu hapo pamba imevunwa, ikauzwa, na sasa watu wamepanda nyingine. Hatujamwona."

"Mbona kodi analipa?"

"Basi atakuwa amepona." Lakini alisema hivyo akiwa ameangalia chini, kwenye dagaa zake.

Nilipiga namba ile palepale. Ilipokea sauti ya mzee, Kiswahili chake kikivutwa na Kisukuma. Nilijitambulisha, nikaomba kuongea na binti. 

"Njoo nyumbani, mayu," alisema. "Haya si ya kwenye simu."

Nilifika Nkoma kesho yake asubuhi. Kabla sijakaribishwa kiti niliona kaburi, ng'ambo ya zizi. Udongo wake ulikuwa umekwisha kushuka, majani yameota juu. Yule niliyekuwa namuuliza habari za kifua alikuwa humo muda wote. Nikakaa kwenye ukingo wa kibaraza.

Baba yake aliniambia kila kitu taratibu. Walimpeleka hospitali, akafia huko. Alikuwa amempa baba simu na namba ya siri ili atoe fedha za dawa. Baada ya mazishi mzee akaendelea kulipa kodi kwa laini ile ile, kwa fedha za pamba, akisaidiwa na wakala wa kijijini.

"Mngekuja kuchukua vitu tu," nilisema. "Nisingewadai."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, ndiye aliyejibu.

"Si chumba, mayu. Ni yale maneno yako." Alitazama simu iliyokuwa mapajani mwake. "Kila tukilipa, unamwandikia. Wakala ananisomea. Unamwuliza kama amepona. Unamwita chai. Hapa wote walimzika. Wewe hukumzika. Kwako alikuwa bado anaumwa kifua tu."

"Ndiyo maana hatukukuambia," mzee alisema. "Ungejua, ungenyamaza."

 Tulilia wote watatu. Wakati wa kuaga, mama alinishika mkono kwa mikono miwili. "Endelea," alisema. "Mwandikie kama zamani."

Niliporudi nilimwambia mume wangu. Akasema ni mambo ya kuogopesha, nizime simu, niwape watu vitu vyao. Mwezi uliofuata nilikuwa naanika nguo uani ujumbe ulipoingia. Majina matatu, herufi kubwa.  Nilikaa juu ya ndoo, nikaandika: "Asante mwanangu."  Nilijaribu kuuliza habari za kifua nikashindwa. Mwisho nikaongeza, "Mungu akupumzishe," nikatuma kabla sijafikiri.

Siku chache baadaye mzee alipiga. Walikuwa wanakuja Bariadi kuchukua vitu.

Tuliifungua kufuli pamoja. Gauni la kijani lilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Chumba kilinuka vumbi na mafuta ya cherehani. Mama yake hakulia. Alivua viatu, akakunja shuka, akaulizia mwenye gauni. Muuza dagaa alimfahamu mteja huyo, akaitwa, akaja akalipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Ule ujumbe wa mwisho," mama aliniambia wakati wanaume wakipakia kitanda, "uliandika kama mtu aliyesimama kaburini. Wakala aliposoma, nikasema haya, sasa amekufa kwa watu wote."

"Nisamehe, mayu."

"Nikusamehe nini? Ulimweka hai muda mrefu kuliko sisi."

Alifagia chumba mwenyewe, kona hadi kona, akamwaga taka nje na kunikabidhi ufunguo. Kisha akapanda mbele ya pikapu, cherehani akaipakata, hakukubali iwekwe nyuma. Chumba nilikiacha bila mpangaji kwa msimu mzima ndipo nikampangisha mwalimu mgeni. Hakuuliza nani alikaa humo kabla yake, nami sikumwambia.