Daktari Alipofumba Macho

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, hospitali mjini Shinyanga. Jiwe lilikuwa limempasua mguu. Daktari wa zamu alimshona huku akimkaripia, "Tulia! Mwanaume halii."

Alipomaliza tu, muuguzi akaingia na sindano.

"Dokta, chanjo yako ya homa ya ini. Imeletwa kutoka Mwanza kwenye barafu. Kutwa mikono yako imo kwenye damu za watu, na kila nikikukumbusha unasema kesho."

Daktari akatazama mlango. Jirani yangu, bado amelala kitandani, akamnyooshea mkono wenye vumbi la shimoni.

"Shika hapa, dokta. Mwanaume halii."

Akaushika, akafumba macho.

Aliyepiga yowe siku ile hakuwa mwenye mguu uliopasuka. Lakini tukiumia tena, tutamkuta daktari wetu mzima.