Tulipandishiwa mushahara, na kwa mudomo wangu nikawatoa wenzangu kazini

Wakuu, na nyinyi wajukuu munaoandika humu kwa haraka, musalimiwe kutoka Bujumbura.

Siku tatu nasoma munavyobishana juu ya mushahara wa chini. Mumoja anasema ukipanda, viwanda vikubwa vitafunga. Mwingine anasema mapatroni wana mali, walipe. Mumefika mpaka kutukanana mama. Sijaona hata mumoja aliyewahi kuchagua kahawa.

Mi nimechagua kahawa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Shule niliishia mwaka wa tatu wa primeri, herufi mutanisamehe. Simu ni ya mujukuu wangu mukubwa, wa kwanza darasani miaka mitatu mufululizo, hiyo nayo muisome vizuri.

Nitakayosema ni yangu, sikusimuliwa. Na penye aibu sitaruka.

Kwanza muelewe kazi. Kahawa ikishakobolewa, wanawake wanakaa kwenye meza ndefu, wanatoa punje mbovu: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kila mwanamuke ana jetoni, kibati chenye namba. Unalipwa kwa mufuko, na mufuko unaandikwa kwa namba yako.

Lakini jetoni ni chache, wanawake ni wengi. Kwa hiyo tulikuwa na kitu tunaita mukono wa pili. Mwenye jetoni anaingia na dada yake au binti yake, wanakaa bega kwa bega, wanachagua pamoja, mifuko inaandikwa kwa namba moja.

Mulinzi anajua. Karani anajua. Patroni mwenyewe anapita hapo kila asubuhi, na macho anayo. Kahawa ilikuwa inaisha haraka, nani angelalamika.

Jetoni yangu ilikuwa namba tisa. Mukono wangu wa pili ni Goreti, mukamwana wangu, mujane wa mutoto wangu. Tunakaa naye Buterere na wajukuu wangu wanne. Miaka saba amekaa kwenye meza ile pembeni yangu.

Yeye na mi, mifuko mbili kwa siku. Na kwa ile mifuko mbili, mi nilikuwa natia kidogo. Macho yangu yana ukungu. Vidole vya Goreti ndivyo vilikuwa vinakimbia.

Ikaja habari ya kupandisha mushahara. Redio ikasema, sindika, chama chetu cha wafanyakazi, ikasema. Mujumbe wetu alikuwa Spesi, mwanamuke mudogo lakini kichwa chake kinafanya kazi. Alitaka tuache kulipwa kwa mufuko, tulipwe kwa siku, mushahara mupya wa sheria, ili mutu akiamuka na homa asirudi mikono mitupu.

Patroni alilalamika karibu mwaka. Atafunga milango, wanunuzi wataenda nchi nyingine, sote tutalala njaa. Munavyosema humu ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na nyinyi hamuna hata kibanda cha sabuni.

Mwishowe ukawekwa mukutano ndani ya hanga, lile ghala la kahawa, na inspekta wa kazi akaitwa. Jana yake Spesi alitukusanya kwenye bomba la maji. Akasema watatuuliza mutu mumoja anasafisha mifuko mingapi kwa siku. Tuseme mumoja. Haukuwa uongo. Mutu mumoja ni mufuko mumoja, tena akiwa na macho mazima.

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa.

Kwenye mukutano patroni hakukataa. Alisema atalipa kwa siku, ila aambiwe siku moja ni kazi gani. Karani wake, yule anayevaa tai hata kwenye vumbi, akadakia kwamba yeye anaogopa wakecuru, wanawake wazee kama mi. Ukiwalipa kwa siku, akasema, watakuja kusinzia. Wanaume wa kupakia malori wakacheka.

Wakuu, mi sichekwi. Nimezika mume, nimezika mutoto, nimelima mupunga nikiwa ndani ya maji ya mafuriko mpaka kiunoni. Nichekwe na mutu wa tai?

Patroni akanigeukia, sauti laini. "Mama, we uko hapa tangu wakati wa baba yangu. Wanasema mutu hapiti mufuko mumoja. Ni kweli?"

Nikasimama. "Jetoni tisa ni mifuko mbili kila siku. Fungua kitabu."

Akafungua. Ikaonekana. Wale wapakiaji wakanipigia makofi. Nikakaa, nikavuta kitenge vizuri, kichwa juu. Nilifurahi, sitawaficha.

Goreti hakupiga makofi. Aliinama kwenye sikio langu. "Mama, waambie tuko wawili."

Sikusema. Baadaye nimejidanganya mara nyingi kwamba nilikuwa nalinda mikono ya pili ya watu, maana haikuwa halali. Apana. Niliona haya mbele ya wale wanaume, basi. Inspekta akaandika, nikaweka dole gumba.

Wiki iliyofuata karatasi ikabandikwa getini. Mushahara wa siku, mupya, kama sheria. Kipimo mifuko mbili, asiyefika hana siku, halipwi kitu. Jetoni moja, mutu mumoja.

Ndani ya mwezi nusu ya viti vilikuwa vitupu. Wenye mimba walitoka. Wenye macho mabaya walitoka. Waliobaki wanachagua bila kunywa maji, wasije wakahitaji choo.

Mi nilimaliza wiki moja, hata mufuko mumoja kwa siku sikuufikisha. Patroni akanipa kitenge na sukari, akasema nipumzike.

Goreti akaenda kuomba jetoni kwa jina lake. Karani alimwangalia kama mugeni, akamwambia kiwanda hakifundishi wapya.

Na kiwanda hakikufunga. Malori yanatoka kama zamani.

Siku moja Spesi akaja nyumbani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi. Hakutukana, alisema tu twende kwa inspekta niseme ukweli. Nikasingizia mugongo wiki mbili. Kisha nikaenda.

Nilisema yote. Yule bwana hakuwa mubaya, alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua faili. Akauliza jina la Goreti limeandikwa wapi. Hakuna pahali. Akauliza kama dole ni langu. Ni langu. Akafunga faili.

Jioni Goreti akarudi kutoka kulima mupunga wa watu, tope mpaka magotini.

"Ulinitaja?"

"Nilikutaja."

"Akaandika?"

"Apana."

Akachota maji, akaanza kunawa miguu. Mpaka leo hajaniambia neno baya, na heri angesema.

Mushahara upande, mi bado nasema upande. Anayewaambia patroni mukubwa atakufa kwa kulipa watu, wangu simuoni hata na mafua. Ila siku munakaa naye mezani, sifa zenu ziacheni nyumbani. Mi nilijisifu sentensi moja, akaifanya sheria, wakaibeba wanawake ambao mimba na macho yao nayajua. Na kazi uliyofanya na mutu, mutaje huyo mutu hapo hapo, kabla dole halijakauka.

Haya, uwanja ni wenu. Kunitukana ruhusa, ngozi yangu ni ngumu. Lakini kama kuna anayejua njia ya kuthibitisha miaka saba ya kazi ambayo haikuandikwa popote, huyo aanze kujibu. Wataalamu wa uchumi wangoje kidogo.