Nilimwambia Wifi Yangu Kuwa Akitembea, Marehemu Mama Yake Halali

Habari admin. Naomba ulifiche jina langu, maana hapa kijijini karibu na Nshamba wanawake wengi wanausoma ukurasa huu, na jambo hili sijamwambia mtu yeyote.

Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa na nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Bukoba mjini, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Mimi nakaa kwao, nalima kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nikiwa na watoto pamoja na wifi yangu ambaye hapa nitamwita Kemi. Kemi ni mtu mzima, tunakaribiana umri, ila ana usonji. Anaongea kidogo, na neno ukimwambia analichukua hivyohivyo lilivyo. Mzaha haujui.

Tangu naolewa nilimkuta na tabia ya kutembea. Anatoka mlango wa jiko, anapita kati ya migomba mpaka kwenye mibuni ya mpakani mwa kibanja, anageuka, anarudi, huku anatikisa vidole na kuimba kwa puani. Akifurahi anatembea, wageni wakija anatembea zaidi. Njia yake imekuwa ngumu kama sakafu, haioti hata nyasi. Mama mkwe wangu enzi za uhai wake alikuwa anampisha tu. Hata daktari aliyemwona mjini alituambia mimi na mume wangu, "Huko kutembea ndiko kunakomtuliza. Msimzuie." Kwa hiyo sitasema sikujua. Nilijua.

Mama mkwe alipozidiwa aliniita, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, hawa wengine wanajiweza. Huyu nakuachia wewe." Nikamwitikia. Tulimzika kibanjani, na kaburi lake liko pembeni kabisa ya ile njia ya Kemi.

Mwaka huu ilifika zamu ya jumuiya kusali kwetu. Sebule imejaa, wengine wamekaa barazani, na Kemi anapita dirishani, anarudi, anapita tena. Mama mmoja akaanza kucheka chinichini. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Nyumba hii ina kitu. Hata watoto wa humu utaona wataanza hivyo." Jamani, niliona aibu. Nikatoka kama ninayefuata chai, nikamkuta migombani, nikamkamata mkono kwa nguvu. Nikamwambia, "Kemi, unajua mama yuko hapa chini? Kila ukipita unamwamsha. Hapumziki kwa sababu yako."

Akasimama palepale. Akaangalia kaburi, akaangalia miguu yake.

"Mawe halali?" akauliza. Mawe ndivyo tunavyosema mama kwa Kihaya.

Nikamjibu, "Halali."

Akavua kandambili, akanyata mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda. Tangu siku hiyo Kemi hajatembea tena.

Mwanzoni nilifurahi, siwadanganyi. Mume wangu alipokuja hakuamini macho yake. "Mama Alinda, umefanyaje? Mama alishauriwa na watu miaka yote, hakuna kilichowahi kumtuliza hivi bila kutembea." Nikamwambia ni sala, tulisali novena. Akanishukuru mpaka akatokwa machozi. Habari zikaenea, na sasa mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili hii.

Lakini hawaoni ninachokiona mimi. Kemi anashinda kwenye kigoda, mikono ameibana katikati ya mapaja. Haimbi. Zamani tulikuwa tunamenya ndizi pamoja, akimcheka mwanangu mdogo anavyocheza na maganda. Siku hizi nikimpa kisu anakiangalia tu. Ameanza kujing'ata mkono, pameshakuwa kidonda. Mimi namvalisha sweta la mikono mirefu watu wasione. Yaani hata kidonda chake nakificha kwa ajili ya jina langu.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa, nikamkosa jikoni. Nikamkuta amechuchumaa kaburini, ameloa chapachapa, ananong'ona, "Mawe, lala. Sitembei. Lala."

Nilipiga magoti kwenye tope. "Kemi, nilikudanganya. Mama analala vizuri. Tembea, wifi yangu, tembea."

"Ulisema halali."

"Ulikuwa uongo."

Akaniangalia usoni, jambo ambalo si kawaida yake, akauliza, "Na huu?"

Nikaingia mwenyewe kwenye ile njia, nikaanza kutembea ili aone hakuna kinachotokea. Akapiga yowe, akanivuta gauni mpaka nikaanguka. "Utamwamsha!"

Leo asubuhi amekataa hata kwenda chooni, kwa sababu choo chetu kiko upande wa kaburi. Nimempelekea ndoo. Alikuwa analia bila sauti, nami nimegeukia ukutani kwa sababu sikuweza kumtazama.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Kemi hajawahi kutilia shaka neno lake, kaka yake. Mume wangu akimwambia mama yao amepumzika, ataamini. Lakini ili amwambie, ni lazima nimweleze kwamba nilimtumia mama yake aliyeko kaburini kumfunga dada yake miguu, halafu nikakaa nikipokea pongezi. Na ni mwanaume mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono. Aliniambia kitu kimoja tu tulipooana: "Mimi nitavumilia mengi, ila Kemi usinigusie." Nimempigia simu mara kadhaa, kila nikisikia sauti yake naishia kumuuliza kama amekula.

Ushuhuda sitautoa, hilo nimeamua. Msinishauri nimwombe Mungu msamaha pia, nimeshamwomba, na Kemi bado amekaa kwenye kigoda. Ninachowauliza, hasa ninyi wenye ndugu kama yeye: mtu wa namna hii ukishamharibia neno lako, anakuamini tena kwa njia gani? Na mume wangu atakapofika Jumamosi, nianze na sentensi gani? Nishaurini kabla hajafika, ndugu zangu. Naogopa nikimwona nitamkaribisha chai, ninyamaze tena.